Ramani ya nyumba pacha ya familia: anza na ukuta wa kati

Nyumba pacha ni nyumba mbili kamili zinazoegemea ukuta mmoja. Kila familia ina mlango wake, jiko lake, mita yake ya umeme na uwanja wake, lakini ukuta wa kati ni wa wote wawili. Ramani nyingi za namna hii zinaharibika kwa sababu moja: mchoraji huchukua ramani ya nyumba ya kujitegemea yenye pande nne za madirisha, huibana hadi ienee kwenye nusu ya kiwanja, kisha huigeuza ili apate nyumba ya pili. Matokeo yake ni chumba cha katikati kisicho na dirisha, choo kinachopumulia koridoni na korido inayowashwa taa saa sita mchana. Ukuta wa kati haukubali dirisha wala tundu la hewa, na haufai kupitishiwa bomba. Kwa hiyo amua kwanza nini kitaegemea ukuta huo. Vyumba vingine vitajipanga baada ya hapo.

Mfano tutakaoutumia ni wa vyumba vitatu vya kulala kila upande, nyumba ya chini isiyo na ghorofa, kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 30 jijini Dar es Salaam, upande wa mita 20 ukitazama barabara. Kiwanja chako kikiwa tofauti, njia ni ileile, vipimo tu ndivyo vitakavyobadilika.

Kabla ya penseli

Pata vitu vitatu mkononi. Cha kwanza ni ramani ya upimaji ya kiwanja, yenye namba za mawe ya mipaka. Cha pili ni masharti ya halmashauri kwa kiwanja hicho: umbali wa kuacha mbele, nyuma na pembeni, na sehemu ya kiwanja inayoruhusiwa kujengwa. Yaombe kwa maandishi, kwa sababu hutofautiana kulingana na daraja la kiwanja na mpango wa eneo. Usinakili ya jirani aliyejenga zamani. Cha tatu ni jibu la swali la umiliki. Kama nyumba zote mbili ni zako, moja ya kuishi na nyingine ya kupangisha, mambo ni mepesi. Kama ni ndugu wawili, au unakusudia kuuza upande mmoja, uliza mapema ofisi ya ardhi kama kiwanja kinaweza kugawanywa katikati ya ukuta. Tanzania ina sheria ya mwaka 2008 ya kumiliki sehemu ya jengo, na njia hiyo nayo ina masharti yake ya kuandaa michoro. Ukishajenga, mstari wa mgawanyo hausogei.

Ndugu wanaojenga pamoja waandikiane pia kuhusu ukuta wenyewe: nani analipia nini, na kwamba hakuna atakayeukata, kuutoboa upande hadi upande wala kuuongezea ghorofa bila mwenzake kukubali. Karatasi moja yenye sahihi za mashahidi inatosha kuanzia.

Mahesabu ya upana

Katika mfano wetu tunaacha mita 2 kila pembeni, mita 7.4 mbele na mita 6.5 nyuma. Jengo linabaki na upana wa mita 16, yaani mita 8 kwa kila nyumba ukipima kutoka katikati ya ukuta wa pamoja hadi uso wa nje. Njia ya pembeni ya mita 2 si anasa. Ndiko zitakakokaa chemba za maji taka, mlango wa jikoni na ngazi ya fundi siku ya kutengeneza gata.

Mita 8 za kwenye karatasi si mita 8 za ndani. Tofali la inchi 6 lina unene wa milimita 150. Likisimamishwa na kupigwa plasta pande zote mbili, ukuta unafika milimita 180 hivi. Ukuta wa kati tutaulaza, yaani tofali hilohilo la inchi 6 linalazwa ili upana wake wa milimita 230 uwe ndio unene wa ukuta. Toa nusu ya ukuta wa kati pamoja na plasta, sentimita 13. Toa ukuta wa nje, sentimita 18. Zinabaki mita 7.69. Toa ukuta mmoja wa ndani wa sentimita 18, na unabaki na mita 7.5 za kugawa kati ya safu mbili za vyumba.

Tunazigawa hivi: safu inayoegemea ukuta wa kati ipate mita 3.0, safu ya nje ipate mita 4.5. Huo ndio uamuzi mkubwa wa ramani nzima. Safu ya ndani inaona nje kwa ncha zake mbili tu, mbele na nyuma. Basi vyumba vya kulala vya safu hiyo vikae kwenye ncha, na katikati yake viwekwe vitu visivyodai dirisha: korido, stoo, makabati. Safu ya nje ina ukuta mrefu wenye jua na hewa. Huko ndiko kwa sebule, jiko, vyoo na chumba kikubwa cha kulala.

Safu ya nje, kutoka mbele kwenda nyuma (urefu wa ndani):

- sebule pamoja na sehemu ya kulia, mita 6.0
- ukuta, 0.18
- jiko, 2.7
- ukuta, 0.18
- kinawio na choo cha pamoja, 1.5
- ukuta, 0.18
- chumba kikubwa na choo chake, 5.0

Jumla mita 15.74. Safu ya ndani lazima itoe jumla hiyohiyo: chumba cha mbele 4.0, ukuta 0.18, sehemu ya kati 7.58, ukuta 0.18, chumba cha nyuma 3.8. Jumla 15.74. Zikitofautiana hata kwa sentimita 10, tafuta kosa sasa hivi. Ukiliacha, fundi atalificha kwa kupindisha ukuta wa chumba cha mwisho, na utalijua siku ya kupanga vigae vya sakafuni.

Ongeza kuta mbili za nje na nyumba inakuwa na urefu wa mita 16.1, eneo la mita za mraba 129 hivi kwa kila familia. Mbili kwa pamoja zinachukua asilimia 43 ya kiwanja cha mita za mraba 600. Linganisha asilimia hiyo na masharti uliyopewa kabla ya kuendelea.

Nini kiegemee ukuta wa kati

Adui ni sauti, maji na moto, kwa mpangilio huo wa malalamiko.

Sauti hupita kwenye ukuta mwepesi na kwenye matundu. Ndiyo maana tunaulaza. Ukuta wa kusimamisha hula tofali 9 kwa mita ya mraba, wa kulaza hula 13. Kwa ukuta wa mita 16.1 wenye kimo cha mita 3, pamoja na pembetatu yake ya darini, una mita za mraba 72 hivi. Ukihesabu na zitakazovunjika, ni tofali 980 dhidi ya 680. Tofauti ya tofali 300 kwa nyumba mbili ni ndogo kuliko gharama ya jirani anayesikia kila neno. Fundi ajaze udongo wa saruji (mchanganyiko wa saruji na mchanga) kwenye viungo vyote, vya kulala na vya wima. Kiungo cha wima kilichoachwa kitupu na kufunikwa kwa plasta hupitisha sauti ingawa macho hayakioni.

Soketi na swichi zisikae mgongo kwa mgongo. Kisanduku cha soketi kinachimba ukuta, na viwili vikikutana unabaki na kipande chembamba katikati. Acha angalau sentimita 60 kati ya cha upande huu na cha upande ule. Bora zaidi, usiweke soketi kabisa kwenye ukuta huo. Runinga isitundikwe hapo. Kichwa cha kitanda nacho kiegemee ukuta mwingine, na ukuta wa kati upewe kabati la nguo la kina cha sentimita 60. Nguo zilizotundikwa husaidia kupunguza sauti.

Kuhusu maji, fundi bomba atakushauri uweke vyoo vya nyumba hizi mbili mgongo kwa mgongo ili apitishe bomba moja. Kataa. Unaokoa mita chache za bomba na unanunua ugomvi wa miaka: bomba likivuja, ukuta unaooza ni wa wote, na wa kulivunja lazima aingie kwa mwenzake. Tena choo kikikaa kwenye ukuta wa kati hakina dirisha.

Moto na wezi huja kwa njia moja, darini. Hili ndilo kosa linaloonekana mara nyingi kuliko yote. Ukuta wa kati unajengwa hadi kwenye lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) zinapandishwa, dari inafungwa, na juu yake pande zote mbili zinabaki ukumbi mmoja. Panya, moshi, sauti na mtu mwenye nia mbaya wanapita watakavyo. Andika kwenye mchoro kwa maneno: ukuta wa kati ufike chini ya bati, na nafasi inayobaki izibwe kwa saruji kufuata mawimbi ya bati. Mbao za kenchi zisipite ndani ya ukuta kwenda upande wa pili. Kila nyumba iwe na kenchi zake.

Vyumba kimoja kimoja

Sebule na kulia. Mita 4.5 kwa 6.0, wazi bila ukuta kati yake. Mlango wa kuingilia uwe kwenye kona ya nje ya jengo, mbali na ukuta wa kati, chini ya kibaraza cha kina cha mita 1.8. Milango miwili ikikaa pamoja katikati, mgeni wa jirani ni mgeni wako pia, kwa macho na kwa masikio. Meza ya watu sita ya mita 1.5 kwa 0.9 inahitaji sentimita 90 kila upande za kuvuta kiti, yaani eneo la mita 3.3 kwa 2.7. Inatosha kwa sababu nyuma ya chumba cha mbele, kwenye safu ya ndani, pamebaki kina cha mita 1.8 kilicho wazi kuelekea sehemu ya kulia. Hapo panafaa friji, kabati la vyombo au kinawio cha kunawia mikono.

Chumba cha mbele. Mita 3.0 kwa 4.0. Mlango wake unatazama sehemu ya kulia chakula, kwa hiyo kinafaa mgeni au kijana mkubwa, si mabinti. Kitanda cha tano kwa sita kina upana wa mita 1.52. Kwenye chumba cha mita 3.0 kinaacha sentimita 74 kila upande, nafasi ya kutosha kutandika. Usikubali chumba kishuke chini ya mita 2.7 ukitumai kuweka kitanda hicho.

Korido. Upana mita 1.2. Ikiwa 0.9, kabati na godoro la sita kwa sita havikati kona. Inatokea sehemu ya kulia na kuishia mlangoni pa chumba cha nyuma, urefu wa mita 5.58. Kati yake na ukuta wa jirani panabaki upana wa mita 1.6, ambao tunaukata vipande viwili vya mita 2.7: stoo mbele, na nyuma yake chumba kidogo cha kupigia pasi, kabati la mashuka au mahali pa kuswalia. Stoo iwe mkabala na mlango wa jiko, gunia la mchele lisisafiri. Familia inayotarajia kupandisha ghorofa baadaye iamue leo, kwa sababu eneo hili ndilo litakalokuwa la ngazi, na msingi wa ghorofa si msingi wa nyumba ya chini.

Ramani hii ina udhaifu wake, na uko hapa hapa. Korido haina dirisha. Dawa ni vidirisha vya juu ya milango vyenye kimo cha sentimita 40, kwa vyumba vyote vinavyofunguka koridoni au sehemu ya kulia, isipokuwa choo, pamoja na dari ya mita 3.0. Vidirisha hivyo si vya mwanga tu. Chumba cha mbele na cha nyuma vya safu ya ndani vina ukuta mmoja tu wa nje, na hewa haiingii mahali isipokuwa ina pa kutokea.

Jiko. Mita 4.5 kwa 2.7. Meza ya jiko yenye kina cha sentimita 60 ifuate ukuta unaopakana na choo, ili bomba la sinki liwe karibu na mabomba mengine. Ukuta wa nje wa mita 2.7 unabeba dirisha la mita 1.2 na mlango wa sentimita 90, na vipande vitatu vya ukuta vya sentimita 20 kila kimoja. Ndiyo sababu ya kutopunguza jiko hadi 2.4: mlango na dirisha vingegusana na pembe, na lenta ingekosa pa kukaa. Mtungi wa gesi ukae nje, kwenye kijumba cha wavu pembeni mwa mlango. Ukilazimika kuuweka ndani, toboa tundu la hewa karibu na sakafu, kwa kuwa gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na hutuama chini. Jiko la mkaa lipewe kibanda chake uani nyuma. Likikaa kwenye njia ya mita 2, moshi utarudi ndani.

Choo cha pamoja. Kutoka koridoni unaingia kwanza kwenye kinawio cha mita 1.3, kisha mlango, kisha choo na bafu vya mita 3.0 kwa 1.5 vyenye dirisha la sentimita 60 kwa 60 upande wa nje. Kinawio kikiwa nje ya mlango, mtu mmoja anapiga mswaki na mwingine anaoga. Sakafu ya choo ishuke sentimita 5 chini ya korido, na mteremko uelekee mbali na mlango.

Familia ya Kiislamu itataka sinki la choo lisielekee kibla wala kukipa mgongo. Kwa Dar es Salaam kibla ni kaskazini karibu kabisa, kwa hiyo sinki likae kwa mstari wa mashariki na magharibi. Lipange kwenye mchoro, kwa sababu bomba la choo likishazikwa chini ya jamvi (zege la sakafu) haligeuki.

Chumba kikubwa. Kati ya kina cha mita 5.0, choo chake kinachukua kona ya nje inayopakana na choo cha pamoja, mita 2.4 kwa 1.5. Mabomba ya vyoo viwili yanakutana upande mmoja wa nyumba. Kando ya choo hicho panabaki kijia cha upana wa mita 1.92: kabati la sentimita 60 liegemee ukuta wa choo, njia ibaki mita 1.32. Mlango kutoka koridoni una mita 1.02 tu za ukuta, unaenea fremu ya sentimita 90 na si zaidi. Sehemu ya kulala ni mita 4.5 kwa 3.3, ina madirisha kwenye kuta mbili, na kitanda cha sita kwa sita kinakaa bila shida.

Chumba cha nyuma. Mita 3.0 kwa 3.8. Vitanda viwili vya tatu na nusu kwa sita vinaenea vikilazwa kwenye kuta mbili zinazotazamana, na kijia cha sentimita 85 hivi katikati.

Jua na upepo: pacha hawapati sawa

Ukishapata nyumba moja, unaigeuza kama kioo upate ya pili. Kwenye karatasi zinalingana. Kwenye kiwanja hazilingani.

Barabara ikiwa kaskazini au kusini mwa kiwanja, nyumba moja inakaa mashariki na nyingine magharibi. Pwani yetu inapata kusi kutoka kusini-mashariki na kaskazi kutoka kaskazini-mashariki, yaani karibu mwaka mzima upepo una asili ya mashariki. Nyumba ya mashariki inapokea upepo na jua la asubuhi. Ya magharibi imekingwa na mwenzake, halafu ukuta wake mrefu unapigwa na jua la alasiri, ambalo liko chini na halizuiliki kwa paa peke yake. Nyumba hiyo isiwe nakala tupu. Punguza dirisha la pembeni la sebule na ukuze la mbele, toa paa nje kwa mita 1.0 badala ya sentimita 60, na panda miti kwenye njia ya pembeni kabla ya kujenga uzio. Jiko na vyoo kukaa magharibi si vibaya: watu hawakai humo muda mrefu, na jua hukausha.

Barabara ikiwa mashariki au magharibi, nyumba zinakaa kaskazini na kusini, na mgao ni wa haki zaidi. Kila moja ina ncha ya mashariki ya kunasa upepo na ncha ya magharibi ya kukinga. Kuanzia mapema Machi hadi mapema Oktoba jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini, miezi mingine kusini, lakini kote liko juu sana na paa la kawaida linatosha. Kama unanunua kiwanja mahsusi kwa nyumba pacha, na bei ni moja, chagua cha namna hii.

Dirisha la aluminiamu la kusukuma hufunguka nusu tu. La mita 1.5 kwa 1.5 lina mita za mraba 2.25 za mwanga, ila upepo unapita kwenye 1.1. Kwa vyumba vya safu ya ndani, vyenye dirisha moja, weka la kufungua nje lililo mbele ya grili, upate yote.

Paa, maji taka na mita

Maji ya mvua yasielekezwe kwenye ukuta wa kati. Paa lenye bonde au gata katikati ya nyumba mbili litavuja, na halina mwenyewe wa kulisafisha. Kuna maumbo mawili salama. La kwanza, mgongo wa paa ufuate ukuta wa kati na maji yashuke pembeni. La pili, mgongo uukate ukuta na maji yashuke mbele na nyuma. La pili ni rahisi kwa tofali: kwa mteremko wa nyuzi 20, ukuta wa darini unakuwa pembetatu yenye kimo cha mita 2.9, mita za mraba 24 hivi. La kwanza linadai ukuta wa kimo hicho kwa karibu urefu wote. Kwa vyovyote, pembetatu ya kimo hicho inahitaji nguzo na mkanda wa zege wa kuishika. Hapo mhandisi aamue, si fundi.

Kila nyumba iwe na karo lake la maji taka na shimo la kunyonyea lake, uani nyuma, angalau mita 3 kutoka msingi. Kama kuna kisima, shimo la kunyonyea likae mita 30 mbali nacho. Kwa kiwanja cha ukubwa huu, hiyo kwa kawaida inamaanisha kuchagua kimoja. Bomba la choo la milimita 110 lipite nje, kwenye njia ya pembeni, kwa mteremko wa 1 kwa 40: mita 10 zinashuka sentimita 25. Kimo cha jamvi lazima kijue hesabu hiyo. Weka chemba kila bomba linapokata kona na kila linapopokea tawi. Bomba la nyumba moja lisipite chini ya nyingine hata kwa mita moja.

Mita mbili za LUKU za umeme, mita mbili za maji, matangi mawili. Mita zikae kwenye ukuta wa mbele wa kila nyumba, karibu na kona ya nje, msoma mita asiingie ndani. Nafasi ya tangi iwe juu ya eneo la vyoo na jiko, kwenye mnara nje au juu ya zege, kamwe si juu ya dari. Lita 1,000 za maji ni tani nzima.

Kupeleka ramani ardhini

Mbunifu aliyesajiliwa achore michoro ya kibali, na mwambie aandike vipimo vya ndani na vya katikati ya kuta, kila kimoja kwenye mstari wake. Mafundi wengi husoma namba yoyote kama ya katikati hadi katikati. Chumba kilichoandikwa 3.0 kikisomwa hivyo kinajengwa 2.82, na kitanda chako kinapoteza sentimita 18.

Kabla ya kuchimba, piga vigingi na kamba, kisha mimina chokaa kwenye mistari yote, ya kuta za ndani pia. Weka mbao fupi mahali pa milango. Tandaza godoro, panga viti vya kulia, fungua mlango wa gari lililoegeshwa mbele. Vyumba visivyo na kuta huonekana vidogo kuliko vitakavyokuwa, kwa hiyo usikimbilie kuongeza mita. Pima upana wa kijia kando ya kitanda kwa futi ya mkononi na ulinganishe na mchoro.

Pembe zikaguliwe kwa tatu, nne, tano: mita 3 upande mmoja, 4 upande wa pili, na mshazari utoke 5 kamili. Jengo zima ni mita 16.0 kwa 16.1, kwa hiyo mishazari yote miwili isome mita 22.70. Ikipishana kwa zaidi ya sentimita 1, rudia vigingi. Kisha, kutoka kila pembe, pima hadi mstari wa ukuta wa kati: mita 8.00 mbele, 8.00 nyuma. Mstari huo ndio wa kwanza kuchimbwa, na mtaro wake uwe mpana kuliko wa kuta nyingine, kwa kuwa ukuta huo ni mzito zaidi na, mgongo wa paa ukiufuata, unabeba kenchi za pande mbili. Upana wenyewe autoe mhandisi baada ya kuona udongo.